Kabeji ya maji yanifia tankini na samaki wazima, kwani yataka maji gani?

dada_wa_Mishomoroni

Assalam alaykum, na wengine wote hamjambo. Naomba msaada kwa wajuzi wa samaki na mimea ya majini. Kakangu alijenga tanki la sima hapa nyuma ya nyumba la kufugia tilapia, maji twavuta kisimani kwa pampu, na samaki twashukuru wanakua vizuri tu. Sasa nikaona kwa rafiki yangu kule Mazeras bwawa lake limejaa mmea wa kuelea, majani yamejipanga duara, rangi kijani mpauko, ukiyashika yana vinyweleo laini, na chini mizizi yaning'inia tu majini haijashika udongo wowote. Akaniambia ni kabeji ya maji, yasafisha maji na kuwapa samaki kivuli. Akanipa ndoo nzima.

Nikaitia tankini kwangu, mwanzo ikapendeza, halafu majani yakaanza kugeuka manjano, kingo zikawa kahawia, mizizi yakatika, na kila mche mpya ukitoka watoka mdogo kuliko wa kwanza. Nikanunua mingine kwa wauza miche wa barabarani, nayo ni hivo hivo. Rafiki yangu yeye afanya kazi ya kupunguza na kutupa kwa jinsi inavyozaana, mie yanifia, na jua ni hili hili joto ni hili hili. Jirani asema niitoe yote yaleta mbu, kakangu naye asema kama haifai tukaimwage kriki ya bahari huko Tudor yaishe.

Sasa nataka kujua, mmea huu kiasili waishi wapi na wataka maji ya namna gani? Na kwa nini samaki wanawiri na mmea wafa kwa maji yale yale?

Omosh_Changamwe

Dada hiyo si ni gugumaji? Kama inakufa yenyewe shukuru Mungu, sisi watu wa Kisumu tumeomba hiyo kitu ikufe miaka yote na imekataa 😂 Toa tupa choma, usiulize mara mbili.

Fundi_Bwawa

Wa alaykum salaam dadangu. Omosh ndugu yangu pole na ya Kisumu lakini hilo silo gugumaji. Gugumaji lina bua limevimba, ukilibonyeza lina hewa ndani, jani lake lang'aa halina vinyweleo, na hutoa ua la zambarau utaliona toka barabarani. Huu alioueleza dada ni Pistia stratiotes, wenye mabwawa wengi huita kabeji ya Nile. Ukoo wake ni mmoja na majimbi haya tunayochemsha. Maua inayo, lakini mpaka upanue majani ya katikati ndio uone kijiua cheupe kimejificha pale chini, kidogo kuliko ukucha wa mtoto. Mtu aweza kuufuga miaka asilione hata siku moja.

Sasa kwao wapi. Hapo hata wenye elimu yao wabishana, maana iko karibu kila penye joto duniani, Afrika, Asia, Amerika zote mbili. Wayunani wa kale walijua mmea unaoelea maji ya Misri, tabibu wao Dioscorides aliuandika karne ya 1 kwa kazi ya dawa ya vidonda. Upande wa pili Marekani kule Florida, mtaalamu wa mimea William Bartram aliukuta karne ya 18 mto wa St. Johns, visiwa vizima vya kabeji vyaelea na ndege na mamba juu yake, kwa hivo wale wasemao uliletwa na meli juzijuzi tu wana kazi ya kujieleza.

Lakini popote ulipo makao yake ni yale yale. Wautaka maji matamu, yaliyotulia au yendayo polepole. Kona ya mto ambapo mkondo umechoka, ziwa dogo, kinamasi, bwawa lililobaki mafuriko yakiondoka. Jua la kutosha. Upepo usiwe mkali maana mmea haujafungwa popote, ukivuma wote wasukumwa upande mmoja wajazana wapandana. Na maji yawe na chakula ndani yake, mbolea iliyooshwa mashambani, samadi, majani yaliyooza, kwa sababu mizizi haigusi udongo, kila kitu yapata kwenye maji yenyewe. Ndio maana yasifiwa kusafisha mabwawa ya samaki, uchafu wa samaki kwake ni chakula. Lile bwawa la Akosombo kule Ghana lilipoanza kujaa miaka ya 1960, misitu ikazama ikaoza chini ya maji, basi kabeji hii ikawa ndio gugu la kuelea lililotanda mapema.

Kitu isichotaka ni viwili, baridi ya barafu na chumvi. Baridi kwetu hakuna. Kwa hivo nina swali dada, hayo maji ya kisima chako ukiyaonja vipi? Sabuni yatoa povu? Na hio mizizi unayosema yakatika, itoe mche mmoja uuangalie vizuri, ncha zake zimeoza zikawa telezi ama zimekatwa kama kwa mkasi?

dada_wa_Mishomoroni

Fundi shukran sana kwa maelezo. Maji yetu ya kisima ni ya chumvichumvi kama nyumba nyingi za huku, hatunywi, ya kunywa twanunua mitungi kwa mkokoteni. Ya kisima ni ya kufulia na kuoshea na choo, na sabuni povu lake ni la shida mpaka utie nyingi. Birika likichemshiwa maji hayo lashika ukoko mweupe chini.

Mizizi nimeitazama sasa hivi kabla sijaandika. Mingine ni telezi ya kahawia yang'oka ukiigusa, lakini mingi imekatwa fupi, yalingana, imebaki kama upana wa vidole viwili hivi. Kwa rafiki yangu mizizi ni mirefu inapita kiganja changu.

Fundi_Bwawa

Basi hapo dada una mashtaka matatu kwa mkupuo, na samaki wako ni mshtakiwa mmoja wao.

Mizizi iliokatwa ikalingana ni tilapia hao. Huila mizizi ya kabeji vibaya sana, yaning'inia mbele ya midomo yao mchana kutwa wataacha? Mmea huu mdomo wake ni mizizi, ukikatwa kila siku hauna la kulia. Dawa yake rahisi, chukua wavu wa plastiki wenye matundu madogo utengeneze fremu ya kuelea, mipira ya maji ikifungwa ncha zake yatosha, wavu uwe chini ya mizizi, kabeji ikae ndani samaki nje. Kivuli watakipata, mizizi hawaifikii.

Mashtaka ya pili ni chumvi. Maji ya bahari yana chumvi kama gramu 35 kwa lita moja. Kabeji hii ikifikiwa na gramu 2 na nusu kwa lita hali mbaya, yafa. Tilapia ni kiumbe mwengine kabisa, tilapia wetu hawa wavumilia chumvi mara kadhaa ya hiyo na wapo wa jamii zao wafugwao mpaka kwenye maji ya bahari. Kwa hivo hilo la samaki wazima mmea wafa si ajabu, wote wawili waonja maji hayo hayo lakini hawaumwi sawa. Na tanki la wazi jua kali maji yapanda hewani chumvi yabaki, wewe waongeza ya kisima juu yake, tena yapanda, tena waongeza. Chumvi ya tankini leo si ile ya kisimani, imeshazidi.

La tatu ni mwamba wenyewe. Sisi twakaa juu ya matumbawe, kuanzia kisiwani Mombasa mpaka Bamburi kule walikochimba mawe ya saruji hadi ikabaki majangwa ikabidi toka 1971 wapande mivinje, yote ni matumbawe ya kale. Maji yakipita ndani yake yabeba chokaa. Ndio huo ukoko wa birika, ndio sabuni kugoma. Maji ya chokaa namna hio madini ya chuma yafungika, yako lakini mmea hauwezi kuyavuta, na jani changa likikosa chuma lageuka manjano huku mishipa yake ikibaki kijani. Hebu angalia majani ya katikati utaniambia.

Mazeras ni mlimani, nje ya huo ukanda wa matumbawe, sishangai ya rafiki yako yanawiri.

jirani_mwema

Nilisikia ukitia misumari yenye kutu tankini mmea wapata madini ya chuma. Bibi yetu alikuwa akifanya hivo kwenye mti wa ndimu.

Fundi_Bwawa

Kwa maji ya chokaa kutu haiyeyuki ndugu yangu, utabaki na misumari tu na mguu wa mtoto utachomwa. Agroveti wauza ile madini ya chuma ya kunyunyizia majani, iliotengenezwa isifungwe na chokaa, lakini soma kipimo na usimwage ovyo penye samaki. Mie kwa tanki la nyumbani ningeanza na maji ya mvua kabla ya dawa yoyote.

Kijana_wa_Garsen

Salaam toka Tana River. Mnavyoongea habari ya makao yake mmenikumbusha nyumbani. Sisi huku mto ukifura ukashuka waacha mabwawa na vijiziwa pembeni, mkono wa zamani wa mto umefungika hauna pa kwenda, na huko ndio huikuta hii, pamoja na yungiyungi na magugu mengine madogo madogo ya kuelea. Yungiyungi msichanganye, yeye ana shina refu laenda mpaka tope la chini, ukivuta wasikia limeshika. Kabeji ukiinua yaja yote mkononi.

Tulipokuwa watoto tulikuwa tukiipindua tuangalie chini. Jamani huko chini kuna mji. Mizizi ni myeusi ama kibluu hivi, kila mzizi mrefu una vijimzizi pande zote mbili mpaka waonekana kama unyoya, na kwenye huo unyoya utakuta konokono wadogo, mayai yao yamegandishwa kama uji mzito, watoto wa kereng'ende, kamba wadogo wasioonekana mpaka wasogee, na vifaranga vya samaki vyajificha humo. Juu napo kuna ndege mwekundu wa kahawia ana vidole virefu ajabu, atembea juu ya majani hazami, adona wadudu. Halafu ukimwaga maji juu ya jani hayalowi, yawa matone ya duara yabiringika yaanguka, jani likibaki kavu. Tulikuwa tukilizamisha kwa nguvu tukiliachia larudi juu puu! likiwa kavu vile vile. Vile vinyweleo vyashika hewa, ndio mashua yake hio.

Ikija kiangazi kijiziwa chakauka, kabeji yabaki juu ya tope yanyauka wasema imeisha. Mvua zikija tena, baada ya muda ipo. Mbegu zilibaki topeni.

Omosh_Changamwe

Sawa nimekubali si gugumaji, lakini mngeona vile tuliona hamngekuwa mnasifu vitu za kuelea. Gugumaji yetu kwao ni Amazon huko South America, ilikuja kwa Ziwa Victoria kupitia mto Kagera upande wa Rwanda, na huku kwetu ikaonekana kama mwaka wa 1990 hivi. By 1998 Winam Gulf, ile ghuba ya ziwa huku kwetu, ilikuwa imefunikwa mpaka meli haziwezi kutoka pier ya Kisumu. Wavuvi wanaamka boat iko katikati ya shamba. Unasukuma na mti haisongi, samaki iko chini unaisikia tu. Wakaleta wale wadudu wa Neochetina wanaokula majani, na mvua ya El Niño ikapiga, mawimbi yakavunja, ikapungua kabisa tukashangilia. Halafu ikarudi. Upepo ukigeuka inaenda Homa Bay, upepo ukigeuka tena iko Dunga.

Na iko na maua mazuri sana hiyo kitu, hapo ndio watu hudanganyika. Nani alisema aibebe kutoka kwao? Mtu aliona maua akapenda, akaweka kwa bwawa lake, bwawa likafurika. Ndio maana nikiona mtu ananunua mmea wa kuelea barabarani roho inanipiga. Dada, huyo kaka yako asimwage hiyo kitu mahali popote, sijali ni kabeji ama ni nini.

Fundi_Bwawa

Hapo Omosh nakuunga mkono kwa asilimia zote. Hii yetu nayo si malaika. Kwenye maji matamu yenye mbolea yajaza bwawa lote, jua halifiki chini, na maji yakosa hewa. Utawaona samaki alfajiri wamepanda juu wote midomo wazi watwetea, mwenye bwawa adhani ni ugonjwa. Kule Australia na Afrika Kusini ilibidi miaka ya 1980 waletewe mdudu wake kutoka Amerika Kusini, Neohydronomus affinis, kabungo kadogo ka milimita mbili tatu kanachochimba majani, na kakaimaliza sehemu nyingi. Kwa kuzaana haihitaji hata mbegu, mche watoa mkono pembeni, mwisho wa mkono mtoto, mtoto naye atoa mkono wake, wavuta mmoja waja kumi wameshikana.

dada_wa_Mishomoroni

Nimeangalia majani ya katikati, kweli kabisa, manjano na mishipa kijani! Na binamu yangu ana ile mita ya kalamu ya kupimia maji, ameitumbukiza tankini ikasoma 2900 na ushei, yaani miligramu kwa lita, karibu gramu 3. Maji ya kisima yenyewe kabla ya kuingia tankini yalisoma 1700. Nimemwambia kakangu akabaki kimya, asema mbona samaki hawajalalamika 😂

Sasa la kriki. Yeye asema kama chumvi yaiua basi kuimwaga baharini ni salama zaidi kuliko kuiacha, itakufa yenyewe. Hapo mimi sina jibu. Na hili la mbu ni kweli ama ni jirani tu?

afya_mtaani

Dada la mbu nitajibu mimi maana ndio kazi yangu. Jirani ana haki nusu. Kuna mbu aitwaye Mansonia, viluwiluwi vyake havifanani na vya mbu wengine. Hawa wengine huja juu ya maji kupumua, ukiwa na samaki waliwa wote. Wa Mansonia haji juu, ana kijisindano nyuma yake akidunga kwenye mzizi wa mmea wa majini apata hewa kutoka ndani ya mmea, akae hapo hapo mpaka awe mbu. Na mmea aupendao sana ni huu huu kabeji. Huwezi kumwona kwa kutazama maji, mpaka ukung'ute mizizi ndani ya beseni jeupe. Kwa Asia huko mbu huyu husambaza matende, kwetu Pwani matende huletwa zaidi na Culex na Anopheles, kwa hivo usiogope kupita kiasi, ila kung'atwa utang'atwa na ang'ata kweli kweli.

Tanki lenye samaki wenye njaa na mizizi fupi kama yako, nafasi yake ni ndogo. Ukiweka ule wavu wa Fundi mizizi itarefuka na samaki hawataifikia, hapo sasa ndio kung'uta mizizi beseni kila wiki. Lakini niseme ukweli, nikipita mitaani sipati mbu wa dengue na chikungunya kwenye mabwawa ya samaki, nawapata kwenye madumu wazi, matairi, ndoo za maji ya kuhifadhi. Mwambie jirani tuanze na mapipa yake yaliyo wazi hapo nje.

Konokono nao muwe macho. Aina fulani za maji matamu hubeba kichocho. Ukipokea mimea kutoka bwawa la mtu ama mto, usiingie kuipanga kwa miguu mitupu, na iweke kwanza pembeni kwenye beseni uoshe mizizi utoe konokono na mayai yao.

Fundi_Bwawa

Sasa la kriki. Kaka ana hoja lakini ina tundu. Ukiibeba ukaimwaga katikati ya kriki ya Tudor maji yakiwa yamejaa, ndio, itakufa. Lakini nani abeba ndoo mpaka katikati? Watu humwaga kwenye mtaro unaoelekea kriki. Mtaro ni maji matamu, tena machafu yenye kila chakula ipendacho. Mvua ya masika ikipiga Tudor yenyewe huingiwa na maji ya mito toka bara, sehemu ya juu yake huwa si chumvi ile. Mche mmoja ukikwama kwenye dimbwi la mtaro nyuma ya nyumba za watu, baada ya miezi mtaro umeziba na maji yaingia majumbani. Na hata ikifa yote, itaozea kwenye mikoko. Anika. Weka juu ya sima juani siku chache ikauke kabisa iwe makapi, hapo hairudi.

MamaBata_Mtopanga

Kwa nini muanike mutupe na mie nipo! Mimi huichanganya na samadi ya kuku na majani makavu, yaoza haraka sana kwa vile ina maji mengi, naweka kwenye mchicha na bamia. Mbichi huwarushia bata, wadona kidogo wachezea zaidi. Usimpe mnyama kwa wingi ikiwa mbichi, ina mwasho kama wa majimbi mabichi, ile yenye kuwasha koo. Mwanangu alitafuna jani akilia nusu saa. Pia mikono ikiwa na mchubuko vaa glavu ukiipunguza.

Ila ya tanki la dada kwa vile ina chumvi mie siitaki kwenye mchicha, niletee zile za Mazeras 😄

dada_wa_Mishomoroni

Hahaha mama umenichekesha. Basi mpango ndio huu. Kesho namwambia kakangu apunguze maji ya tanki na tusubiri mvua, gata ya bati tunayo yamwagikia uani bure, tutaielekeza tankini. Kabeji zilizobaki hai nimeshazihamisha kwenye nusu ya pipa yenye maji ya mtungi, zikipona ndio nirudishe na wavu. Fundi, maji ya mfereji je? Huku yaja mara moja moja lakini yakija yaja kwa nguvu.

Fundi_Bwawa

Ya mfereji yanatoka chemchemi za Mzima, visima vya Baricho na kwengineko, ni matamu, yafaa. Shida yake ni klorini, yaache kwenye pipa wazi siku nzima juani kabla hujaweka samaki. Kabla hujahangaika na tanki zima fanya jaribio dogo, mabeseni matatu kivuli kidogo jua kidogo. Moja maji ya kisima, moja nusu kwa nusu na mvua, moja mvua tupu na vikombe viwili vya maji ya tanki ili ipate chakula, maana mvua tupu haina kitu nayo kabeji itakonda. Weka miche mitatu mitatu inayolingana. Usitazame majani ya zamani, yaliyoungua hayarudi kijani. Tazama jani jipya la katikati na tazama kama watoa mikono.

Na ukirudisha tankini usizidishe nusu ya uso wa maji. Upepo wa Kusi ukianza itabidi uiwekee kamba ya kuizuia, la sivyo yote itajikusanya kona moja na samaki wakose hewa upande huo.

Kijana_wa_Garsen

Nusu nyingi Fundi, kwa tanki dogo bila pampu ya hewa mie ningesema theluthi.

Fundi_Bwawa

Theluthi ni salama zaidi, sawa. Ana pampu ya kisima lakini stima ya huku mwaijua.

Omosh_Changamwe

Ile ya pipa ifunike na wavu tafadhali. Na dada ukipata matokeo ya hizo beseni tupia picha hapa.

MamaBata_Mtopanga

Dada ukienda Mazeras nipitie na pikipiki nina magunia mawili matupu, nitakupa mayai ya bata kwa safari. Asitokee mwengine kuniwahi.

jirani_mwema

Mama bata mayai ni ya kula ama ya kuangulia?

MamaBata_Mtopanga

Yote mawili yapo, njoo inbox.